Neno la Siri Likishajulikana na Adui

Kila askari aliyepata kushika lindo usiku anazijua kanuni za neno la siri. Neno hilo hupewa wachache, tena kwa muda maalumu. Anayelikaribia lindo husimamishwa, naye ndiye anayelitaja. Mlinzi hamtajii mtu. Na ikishukiwa tu kwamba neno limefika masikioni mwa adui, hapangojwi mapambazuko, wala hapatafutwi kwanza wa kulaumiwa. Neno hubadilishwa saa ile ile, na walinzi wote hujulishwa. Uchunguzi hufuata baadaye.

Katika mazungumzo yetu ya leo tutatazama lindo jingine, ambalo kila askari na kila polisi hulishika peke yake, mchana na usiku, awe kazini au likizoni. Lindo hilo ni akaunti ya fedha anayoitumia kwa simu yake. Tutazungumza hasa juu ya saa ile ambayo wengi hawapendi kuitaja: saa ambapo adui amekwisha kuingia, fedha zimetoka, na mwenye akaunti amesimama na simu mkononi, hajui aanzie wapi.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Hapa kwetu Burundi zilifuata huduma kama EcoCash na Lumicash, na leo ni vigumu kupita katika mitaa ya Bujumbura, iwe Buyenzi, Bwiza, Kamenge au Kanyosha, bila ya kumwona wakala ameketi kibandani akipokea na kutoa fedha. Askari wetu waliokwenda kulinda amani nchini Somalia kuanzia Desemba 2007 walikuta huko mji wa Mogadishu ambako, kadiri miaka ilivyopita, watu walizoea kununua kwa simu hata mahitaji madogo ya nyumbani. Wepesi huu una thamani kubwa kwa mtu wa kambini. Aliye Bujumbura anaweza kumpelekea mama yake fedha za mbegu huko Ruyigi au Kirundo bila ya kuomba ruhusa ya safari, na karo ya mtoto ikafika siku ile ile.

Wala usalama wake si wa kudharauliwa. Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na wafanyabiashara wengi wakapoteza bidhaa zao pamoja na fedha taslimu walizokuwa wameziacha humo. Fedha iliyo katika akaunti ya simu haiungui. Hata simu yenyewe ikitumbukia katika Ziwa Tanganyika, fedha haizami nayo, kwa sababu haimo ndani ya chombo kile. Imeandikwa katika daftari la kampuni, na kwa utaratibu wa huduma hizi fedha halisi inayolingana nayo huwekwa benki.

Lakini daftari hilo halimjui mwenye mali kwa sura. Linajua mambo mawili tu: kadi ya simu yenye namba yake, na namba ya siri. Mwenye kuvishika hivyo viwili ndiye mwenye mali mbele ya daftari. Hapo ndipo penye nguvu ya mfumo huu, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake.

Kwa hiyo, Ndugu Msikilizaji, mwizi wa siku hizi havunji mlango. Huja kwa sauti. Pengine hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akamwambia mwenye akaunti kuwa itafungwa jioni hiyo asipoithibitisha. Pengine hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kupokea fedha, kisha hupiga simu kwa unyonge akisema amekosea namba, arudishiwe. Naye aliyepigiwa, kwa wema wake, asitazame salio, akatoa fedha yake mwenyewe. Huko Tanzania ujumbe wa kuelekeza kwamba ile fedha itumwe kwenye namba nyingine umekuwa mashuhuri kiasi cha watu kuufanyia mzaha, na hata hivyo bado unawapata watu.

Wapo pia wanaokwenda kwenye duka la simu na kitambulisho cha hila, wakaomba kadi mpya yenye namba ya mtu mwingine. Wakipewa, simu ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla, naye hudhani ni hitilafu ya kawaida, kumbe namba yake imekwisha kuhamia mfukoni mwa mwizi. Na mwizi mwingine hana haja ya hila hata kidogo, maana mlinzi mwenyewe amemfungulia: ni yule aliyekabidhiwa simu pamoja na namba ya siri akamtolee mwenzake fedha kwa wakala, kwa kuwa mwenzake yuko zamu.

Silaha za walaghai hawa ni tatu: haraka, hofu na cheo. Silaha ya tatu ina makali zaidi kwa wenye kuvaa sare. Mtu aliyefunzwa kutii amri, akisikia sauti nzito ikijiita afande, huwa amekwisha kunyoosha mgongo kabla hajauliza ni afande gani. Utii ni nguzo ya jeshi na polisi, na hatusemi ulegezwe. Tunasema tu kwamba hakuna amri halali inayomtaka askari ataje namba yake ya siri. Mpita njia anayemwuliza mlinzi neno la siri amekwisha kujieleza mwenyewe kuwa si wa upande wetu, hata akijiita jenerali.

Tuchukue mfano wa koplo mmoja, wa kubuni, lakini mambo yake ni ya kila siku. Ijumaa jioni, siku mbili baada ya mshahara, anapigiwa simu na mtu ajiitaye afande wa ofisi ya mishahara. Anaambiwa kuwa orodha ya posho inafungwa saa kumi na mbili, na jina lake halijakamilika. Anatakiwa asome namba iliyoingia katika simu yake wakati ule, kisha ataje na namba yake ya siri ili apate kuthibitishwa. Anatii. Baada ya dakika chache faranga 280,000 zimetoka kwa mafungu matatu.

Koplo huyu, baada ya kuibiwa, anafanya makosa manne ambayo ni mabaya kuliko lile la kwanza. Anampigia mwizi simu, kumtukana kwanza na kumbembeleza baadaye. Anafuta ujumbe wote ili mkewe asiuone. Anaamua kungoja Jumatatu. Na kwa aibu hamwambii mtu. Jumamosi asubuhi mama yake, kule kijijini, anapokea ujumbe kwamba mwanawe amelazwa na anahitaji fedha upesi. Mama anauza mbuzi.

Je, koplo huyu angefanya nini? Jambo la kwanza ni kuuzuia mlango. Fedha iliyoibiwa haikai mahali pamoja. Hutoka namba hii ikaenda namba ile, kisha hufika kwa wakala, ikageuka noti na kuingia mfukoni. Ikiwa bado imo katika akaunti ya mpokeaji, kampuni yaweza kuizuia pale ilipo; ikishakuwa noti, kampuni haina cha kuzuia. Ndiyo maana dakika za mwanzo zina thamani kuliko wiki nzima ya malalamiko. Mwenye akaunti apige simu mara moja kwenye huduma ya kampuni yake, hata kwa simu ya kuazima, ataje namba yake, saa na kiasi, na aombe mambo mawili bayana: akaunti yake ifungwe kwa muda, na fedha izuiwe huko ilikokwenda. Kama simu yake imepoteza mtandao, asikae kuizima na kuiwasha. Aende mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni na karangamuntu yake mkononi, adai namba yake irudishwe na kadi iliyotolewa kwa hila ifungwe.

Hapa yafaa tujifunze kwa jirani. Nchini Kenya, mtumiaji wa M-Pesa aliyetuma fedha kwa makosa huupeleka ujumbe wa muamala ule kwenye namba 456. Nchini Tanzania namba za matapeli hupelekwa 15040. Namba hizo ni za nchi hizo na hazitatufaa hapa. Lakini fundisho lake ni letu: mtu aijue namba ya huduma ya kampuni yake kabla ya siku ya msiba, na aiandike kwenye karatasi, maana siku hiyo huenda simu yenyewe isiwe mkononi mwake. Wala asiipokee namba hiyo kutoka kwa mtu aliyempigia. Aichukue ofisini au kwenye maandishi ya kampuni.

Jambo la pili ni kubadilisha neno la siri. Abadilishe mwenyewe, kwa mkono wake, bila ya kuongozwa na mtu kwa simu. Namba mpya isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe moja-mbili-tatu-nne, na kwa askari tunaongeza kwa mkazo: isitokane na namba yake ya utumishi. Namba hiyo imo katika orodha za zamu na za mishahara, na wenzake wengi wameizoea. Neno la siri linalosomwa na kikosi kizima si siri tena.

Jambo la tatu ni kukagua malango mengine. Aliyeingia kwa lango la mbele huenda amekwisha kufungua dirisha la nyuma. Kama akaunti ya simu imeunganishwa na akaunti ya benki, benki nayo ijulishwe, na namba ya siri ya huko ibadilishwe. Kama namba ile ile hutumika kwa WhatsApp au kwa barua za intaneti, nako kukaguliwe, na kila chombo kigeni kilichounganishwa kiondolewe. Aulize pia kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa jina lake, na kama kuna kadi nyingine za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo la nne ni kuhifadhi ushahidi. Ule ujumbe ambao koplo wetu aliufuta ndio uliokuwa na namba ya muamala, tarehe, saa, kiasi na namba ya mpokeaji. Kwa mpelelezi, hizo ni nyayo katika tope mbichi. Zisifutwe. Ziandikwe pia kwa mkono kwenye karatasi, pamoja na maneno aliyoyasema mwizi, maana kumbukumbu ya binadamu hufifia.

Jambo la tano ni kuwajulisha walinzi wengine, yaani ndugu, wenzake kazini, na mkubwa wake wa kazi. Simu moja kwa mama ingelimwokoa mbuzi. Na aliyekwisha kuibiwa ajihadhari na mwizi wa pili, ambaye huja baada ya siku chache akijifanya mtu wa msaada mwenye uwezo wa kuzirudisha fedha zilizopotea kwa malipo kidogo ya kutangulia. Mara nyingi huyo ni yule yule wa kwanza.

Yapo mawili ambayo mwenye sare asiyafanye kabisa. La kwanza ni kuvaa sare na kwenda kibandani kumtisha wakala aliyetoa fedha. Hasira yake twaielewa. Lakini wakala yule huenda naye alidanganywa kwa kitambulisho cha uongo, na bunduki iliyotolewa na taifa haikutolewa kudai madeni ya mtu binafsi. Anayefanya hivyo huacha kuwa mlalamikaji, huwa mshitakiwa. La pili ni kuiazimisha akaunti yake. Akitokea mtu wa kumwomba apitishe fedha kwa jina lake kwa ujira mdogo, ajue kwamba anafanywa daraja la wezi, na siku ya hesabu jina litakalokutwa katika daftari ni lake.

Sasa tuwageukie ndugu zetu polisi, kwa kuwa wao wana nafasi mbili katika jambo hili: wanaibiwa kama wengine, na tena wao ndio wanaopokea malalamiko ya walioibiwa. Burundi ina sheria ya mwaka 2022 ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandao wa kompyuta. Wizi wa aina hii, basi, si mchezo wa vijana wajanja, ni kosa la jinai. Lakini sheria haitembei yenyewe. Huanza kutembea pale polisi wa mapokezi anapofungua kitabu chake na kuandika. Mama wa sokoni au askari wa cheo cha chini aliyechukuliwa mshahara wa mwezi, akifika kituoni na kuchekwa kwa ujinga wake, harudi tena. Na mwizi aliyemwibia yeye humwendea jirani yake siku ya pili.

Polisi anayepokea malalamiko haya haihitaji namba ya siri ya mlalamikaji, na asimwulize kabisa. Anachohitaji ni zile nyayo tulizozitaja. Kwa nyayo hizo, na kwa njia ya mwendesha mashtaka, kampuni yaweza kuombwa ieleze fedha ilipita namba zipi na ilitolewa kwa wakala yupi. Na hapa tahadhari ni muhimu. Jina lililosajiliwa kwenye namba ya simu ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake. Kadi nyingi za wizi husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, wakiwamo wazee waliosaidiwa kusajili kadi moja wakasajiliwa mbili. Kumkamata mwenye jina na kufunga jalada ni kumpa mwizi wa kweli likizo yenye malipo.

Tena haki yatutaka tuseme kwamba si kila wizi hutokana na uzembe wa mwenye akaunti. Oktoba 2020 nchini Uganda wezi waliingia katika mfumo uliounganisha mabenki na makampuni ya simu, wakazitoa fedha kwa kutumia kadi nyingi za simu, hata huduma za kupitisha fedha baina ya benki na simu zikasimamishwa kwa muda. Hakuna mteja aliyetaja namba yake ya siri siku ile. Kwa hiyo makampuni nayo yana lindo lao. Duka linalotoa kadi mpya bila ya kumtazama mwombaji na kitambulisho chake limelala zamuni. Kampuni ambayo simu yake ya huduma hailii ikapokelewa Ijumaa jioni, imeacha lango wazi katika saa ambayo mwizi huipenda zaidi. Benki ya Jamhuri ya Burundi, yenye kusimamia huduma za malipo, na mamlaka ya kusimamia mawasiliano ya simu zina wajibu wa kukumbusha hayo, na mteja asiyesikilizwa na kampuni ana haki ya kupeleka malalamiko yake kwa wasimamizi hao.

Tumalizie na lile lililo zito kuliko yote, nalo ni aibu. Askari aliyejeruhiwa vitani hupiga kelele ili aokolewe, wala hakuna anayemcheka. Askari aliyeibiwa kwa simu hunyamaza. Huona haya mbele ya mkewe, mbele ya kikosi, mbele ya mkubwa wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyetakiwa kuwa mlinzi wa wengine. Kunyamaza kwake ndiko kunakompa mwizi muda: muda wa kuitoa fedha, muda wa kuitumia namba ile kwa ndugu zake, na muda wa kumpigia askari wa kitanda cha pili kwa maneno yale yale ya orodha ya posho. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wakubwa wa vikosi wanaweza kuipunguza aibu hiyo kwa jambo dogo. Siku ya mshahara, wakati watu wamekusanyika, na aulizwe hadharani aliyepigiwa simu na mlaghai mwezi ule, na aeleze alivyoambiwa. Atakayeeleza asichekwe, asiitwe mjinga, asinyimwe cheo. Atakuwa amefanya kazi ya mpelelezi aliyerejea na habari za adui: anakotoka, anavyosema, na saa anazopenda kushambulia. Kikosi kinachopeana habari kama hizo ni vigumu kukiibia mara mbili kwa hila moja.

Fedha nyingine haitarudi, na si vyema kumdanganya mtu kwamba kila iliyopotea hupatikana. Lakini akaunti hurudi mikononi mwa mwenyewe, mama wa kijijini huonywa, na mwizi huacha nyayo zinazoweza kufuatwa. Hayo yote humtaka mwenye akaunti afanye usiku ule ule kile ambacho angekifanya langoni pa kambi bila ya kufundishwa: ahesabu kwamba neno limejulikana, alibadilishe, na apaze sauti.